Kusoma Mafuta ya Nguruwe na Mgongo wa Mzee Okumu

Siku mliponiaga pale kichinjioni mlinifunga leso mpya, mkanipa soda, halafu meneja akasema, "Sasa Mama Rula atawaambia vijana maneno mawili." Mkanitazama wote na gambuti zenu nyeupe. Nikasimama. Nikasema, "Asanteni." Nikakaa.

Mlicheka, na mimi nilicheka, lakini nilifika nyumbani nimeumia, kwa sababu maneno nilikuwa nayo. Ni vile hayatoki mbele ya watu. Niko hivyo tangu sekondari: mwalimu akiuliza, jibu nalijua, ulimi unajificha. Nikirudi bwenini naliandika lile jibu kwa daftari, refu, na sababu zake zote. Basi na hili naliandika.

Mmekuwa mkiniuliza, "Mama, unajuaje huyu ni nyama na huyu ni mafuta kabla hajakatwa?" Nitawaambia. Lakini siwezi kuieleza kazi hiyo bila kumtaja aliyenifundisha, Mzee Okumu, na siwezi kumtaja Mzee Okumu bila kusema juu ya nyumba ambayo hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa Nyakach. Miaka yote alipanga chumba hapa Nyamasaria na mkewe, Mama Akinyi. Kule kwao kulikuwa na kipande cha shamba na nyasi, basi. Wengi wenu ni wa huku, mnajua maana yake. Kwa wale waliotoka mbali: mwanamume wa Kijaluo mwenye mke na watoto anatakiwa awe na nyumba yake kwao. Akifa bila nyumba, watu wa ukoo humjengea kibanda cha haraka, cha kuonyesha tu kwamba maiti imefika kwake. Kifo chenyewe Mzee alikifanyia mzaha. Kile kibanda ndicho alichokiogopa.

Nilianza kazi nikiwa nimetoka tu kidato cha nne. Waliniweka kwenye mizani kuandika kilo. Kando yangu alisimama mwanamume mfupi, mpana, mwenye kisu kimoja na rula ya chuma iliyofutika namba za mwanzo. Nguruwe walikuja wakining'inia kwa miguu ya nyuma, wameshapasuliwa katikati ya uti wa mgongo, kila mmoja nusu mbili. Yeye aliishika nusu kama mtu anayemshika rafiki begani, akatafuta mahali, akatoboa kidogo, akasema namba. Siku nyingi sikumwuliza kitu. Ni yeye aliyenigeukia.

"Nyathina, wewe ni bubu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi uliza. Hapa hata mkojo wa nguruwe una sababu yake."

Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo. Aliniita hivyo mpaka mwisho.

Sikilizeni sasa. Tumbo msilitazame, tumbo ni mwongo. Nguruwe aliyekula jana usiku ana tumbo la tajiri hata kama mgongo wake ni wa maskini. Shingo na mabega nayo yatawadanganya, kwa sababu mafuta hukaa huko kwanza, hata kwa nguruwe mzuri. Nenda kwenye ubavu wa mwisho. Ufuate mpaka ukutane na uti wa mgongo, halafu rudi pembeni upana wa vidole vitatu vya mwanamume. Hapo ndipo mahali pa ukweli. Mafuta yakiwa unene wa kidole kidogo, huyo ana nyama. Yakifika kidole gumba, anza kuwa na wasiwasi. Yakipita gumba mbili zilizolazwa pamoja, mwenye bucha wa mjini atanung'unika mpaka Krismasi.

Usiikandamize rula. Mafuta yakiwa bado ya moto ni laini, chuma kinazama, na wewe unaandika nguruwe mwembamba ambaye hayupo. Na uangalie pia jinsia. Dume lililohasiwa hunenepa mafuta haraka kuliko jike ambalo halijazaa, hata wakilala zizi moja na kula ndoo moja. Mzee alisema, "Aliyetolewa wasiwasi wa ndoa lazima anone." Nilikuwa msichana, niliona aibu, nikainamia karatasi yangu. Alicheka peke yake.

Kuna mambo rula haisemi. Nguruwe wa kando ya ziwa, wale wanaolishwa mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kwenda viwandani, wana mafuta mepesi, yananing'inia, yana rangi kama ya siagi ya zamani. Ukipitisha kidole yanang'aa na hayakatiki vizuri. Unene wake utakuwa sawa, lakini ukikaanga, jirani atauliza umepika mbuta au nguruwe. Wale wa upande wa Muhoroni, wanaopewa molasi ya kiwanda cha sukari, mafuta yao ni meupe, magumu, na ni mengi. Mama mmoja wa huko alileta dume lake, akasimama getini akimwambia kila mtu, "Angalieni hiyo! Huyo alikuwa anakula kama mbunge!" Zamani angeshangiliwa. Wanawake walikuwa wakija na mikebe kununua mafuta ya nguruwe ya kupikia, na nguruwe mnene alikuwa sifa ya boma. Lakini kufikia wakati ule wateja walishabadilika, wote wanataka nyama tupu. Mzee alipotaja namba, yule mama aligeuka akalitazama dume lake. Halafu akasema, "Sasa mimi nilimpenda sana ama?" Mzee akamjibu polepole, "Ulimpenda vizuri, Mama. Ni watu wamebadilisha mapenzi."

Hakumwambia namba nyingine ya kumfurahisha. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la nguruwe mwembamba. Mzee alikuwa amekwenda mazishini, nikaachiwa rula. Akaja nguruwe ambaye mafuta yake hayakufika hata nusu ya kidole kidogo. Nikafurahi kama niliyeokota dhahabu. Nikamwandika gredi ya juu kabisa. Kesho yake mwenye bucha alirudi amebeba mgongo wa nusu moja begani, akautupa mezani mbele yangu.

"Dada, huyu ni nguruwe ama ni mbwa wa polisi?"

Watu walicheka mpaka mwenye msumeno akauzima. Mzee hakucheka. Aliuchukua ule mgongo, akaukata kwa kisu kukingama ubavu wa mwisho, akanionyesha. Mkikata hapo mtaona nyama ya duara kando ya uti, moja kwa kila nusu. Hiyo tunaiita jicho. Kwa nguruwe mzuri mwenye nyama, jicho ni kubwa, limejaa, linasukuma ngozi. La yule wangu lilikuwa dogo kama la mwanambuzi.

"Mafuta yakipungua, uliza yameondoka kwa nini," Mzee alisema. "Kuna mnyama aliyejengwa mwembamba. Kuna mnyama aliyebomoka. Huyu alikuwa mgonjwa. Alimaliza mafuta yake, akaanza kujila mwenyewe, nyama pia. Mkono ukiteremka kando ya uti kama unaingia kwa shimo, hiyo si gredi. Hiyo ni habari mbaya."

Tangu hapo nikawa naweka rula chini kwanza, natumia kiganja. Nyinyi mna ile mashine yenye mwiba na taa. Sina neno nayo. Ilipoletwa, na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha Maseno, wengine walinuna, lakini Mzee aliifurahia kama mtoto. Aliiita bastola. Alipima nayo nusu za asubuhi nzima, akilinganisha na gumba lake, na mara nyingi bastola ilimshinda. "Hii haina kope," alisema, "haisinzii, haina deni la usingizi." Akamwuliza yule kijana, "Na jicho je, inaona?" Inaona, tena vizuri. Mzee akaitikia kwa kichwa, akampa mkono. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba wazee walichukia mashine. Kiganja nawafundisha kwa sababu stima hupotea.

Sasa nyumba.

Kila mwaka Mzee Okumu alikuwa anajenga baada ya Krismasi. Alisema hivyo Machi, akasema Agosti. Kwanza Akinyi aingie sekondari, halafu mdogo wake amalize, halafu mvua ipungue, halafu mabati yashuke bei. Tulikuwa tunamtania.

"Mzee, nyumba imefika wapi?"

"Iko kwa kichwa. Imeshapigwa plasta. Nangojea rangi tu."

Halafu akaanza kupungua. Mwanzoni tulidhani ni kufunga, maana kanisa lao lina mifungo mingi. Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya, na jingine. Alienda hospitali, akarudi na dawa, akaenda tena. Sitasema ni ugonjwa gani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuutaja. Ninachojua ni vile tulivyomwambia sisi. Kila asubuhi, mwenye msumeno: "Mzee, leo umeng'aa!" Wasafishaji: "Ai, Mzee, unarudi kijana!" Mimi pia. Nilimwambia shati lile linampendeza. Lilikuwa linampwaya kama bendera siku isiyo na upepo. Ni upendo uliotufanya tuseme hivyo, naamini. Na yeye aliitikia, "Asante, asante," na akasema atajenga Desemba, akipata nguvu.

Akaacha kuja kazini. Jumamosi moja nikaenda kumwona Nyamasaria, na ndizi na maziwa. Mama Akinyi alinipokea mlangoni kwa furaha nyingi kuliko kawaida.

"Karibu, Rula! Amekunywa uji wote leo. Si ulikunywa uji wote, Baba Akinyi?"

"Nilikunywa," sauti ikatoka kitandani.

"Unaona? Daktari alisema ni vidonda vya tumbo tu. Mwezi ujao tutakuwa tunamfukuza kwa nyumba aende kazi."

Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Mama Akinyi akaleta kavu, akaniambia, "Nishikie hapo, asianguke, nimvue." Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikampa bega langu aegemee, na mkono wangu mmoja ukamshika mgongoni. Mama Akinyi akalivuta lile shati, akaenda nje kulianika na kuchukua maji.

Vijana, mimi sikuamua. Naomba mniamini hapo. Ningekuwa nimeamua ningeutoa mkono. Lakini ni mkono uliofanya jambo moja siku nzima, kila siku, tangu nikiwa msichana. Uliteremka peke yake mpaka ubavu wa mwisho, ukaufuata mpaka kwenye uti, ukarudi pembeni. Na hapo ukaingia kwa shimo. Mafuta hayakuwepo, hilo hata macho yangu yalijua. Lakini na nyama haikuwepo. Nilihisi mfupa, halafu ngozi, halafu joto la mtu.

Mzee alijua kabisa mkono wangu uko wapi, maana yeye ndiye aliyeuweka hapo miaka ile.

"Ngapi?" akauliza.

Nikajifanya sikusikia.

"Nyathina. Ngapi?"

"Mzee, tulia, Mama anakuja na maji."

"Ndiyo maana nauliza saa hii. Huyo mama akiingia nitaambiwa nimekunywa uji." Alikuwa anahema. "Hospitali wananiambia tutaona. Pasta ananiambia amini. Kule kazini mnaniambia nang'aa. Mimi nina kitu ya kufanya kwetu, na hakuna mtu ananiambia kama ni ya leo ama ni ya Desemba. Mgongo ni wangu. Ngapi?"

Nawaambieni kweli, nilitaka kusema namba nzuri. Nilikuwa nayo mdomoni. Na mimi ni mtu ambaye hata "asante" hunitoka kwa shida. Nikasema, "Hakuna, Mzee. Mafuta hakuna. Na jicho limeshuka."

"Pande zote mbili?"

Nikahamisha mkono. "Pande zote mbili."

Akatoa pumzi ndefu, kama mtu anayetua gunia. Akaniegemea vizuri zaidi. Alikuwa mwepesi sana. Kisha akasema, "Basi si mambo ya Desemba."

Mama Akinyi alirudi na beseni, akamkuta mumewe anauliza viatu vyake viko wapi.

"Viatu vya nini?"

"Naenda Nyakach. Kesho. Mwambie Akinyi atafute gari."

"Nyakach kufanya nini, na wewe kukaa tu unashindwa?"

"Kujenga."

Akanitazama mimi. Mama huyu alinijua tangu sijaolewa, alinipikia nilipojifungua. Akaweka beseni chini.

"Umemwambia nini?"

Ulimi wangu ukajificha, kama kawaida yake. Ni Mzee aliyejibu. "Nimemwuliza, akaniambia."

"Yeye ni daktari? Mimi naamka nampa moyo, narudia, narudia, mpaka mdomo unakauka, halafu mtu wa nguruwe anakuja na ndizi anamwambia mtu wangu..." Hakumaliza. Alichukua lile shati kavu, akamvalisha, kifungo kwa kifungo, na mimi nikiwa bado nimemshika, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika.

Wakaenda. Sisi wa kichinjioni tulifuata Jumapili ya wiki iliyofuata, wengine na misumari, mwenye msumeno na msumeno wake mwingine, ule wa mbao. Tulimkuta Mzee kwenye kiti cha plastiki katikati ya nyasi, blanketi mabegani, anagombana na fundi juu ya mlango.

"Jaduong'," yaani Mzee, fundi alisema, "mlango ukitazama kule mvua itaingia."

"Itaingia kwako? Mlango utazame kule kwa lango la boma. Mimi si mgeni hapa, siingii kwangu kwa ubavu."

"Na dirisha je?"

"Kubwa. Mama Akinyi anapenda kuona nani anapita."

Mama Akinyi alikuwa anachota maji ya udongo. Alisikia, hakugeuka. Siku hiyo yote hakuniambia neno, na mimi nilikanyaga udongo na wanawake wengine bila kuinua kichwa. Nguzo zilisimama, fito zikafungwa, mabati yakapanda. Kwa kawaida ukikandika unauacha udongo wa kwanza ukauke, upasuke, ndipo upake wa pili. Wao walipaka wa pili juu ya wa kwanza mbichi. Mzee mwenyewe aliwaamuru. Wazee wa ukoo walisema ukuta utalia. Akasema, "Uache ulie."

Alilala ndani yake. Hilo nililisikia kwa Akinyi. Mlango ulikuwa haujafika, wakatundika shuka. Alilala usiku wa kwanza akamwambia mkewe bati lina kelele, na usiku uliofuata akasema ameshalizoea. Kisha wiki hiyo hiyo akaenda.

Tulirudi Nyakach kumzika. Waliuweka mwili katika chumba chake mwenyewe, ukapita mlango aliouchagua, uliotazama lango. Ukuta ulikuwa bado mbichi. Nyumba ilinuka udongo kama shamba lililolimwa jana, na watu waliokuja kumwona, walipochoka kusimama, waliegemea. Kwa hiyo kwenye yale mazishi kila mtu alikuwa na tope mgongoni. Pasta alikuwa na tope kwenye koti. Mashemeji waliovaa suti nyeupe walikuwa nalo. Watu walikuwa wanalia na wanapangusana migongo, wengine wakacheka kidogo katikati ya kulia, wakanyamaza.

Mimi pia niliingia kumwona, nikaegemea, kisha nikatoka nikasimama mbali, karibu na ua wa boma. Sikujua kama nina ruhusa ya kusogea. Nilikuwa nafikiria kwamba labda ningenyamaza angekunywa uji mwezi mmoja zaidi, kwa raha, katika chumba cha Nyamasaria, akiamini. Labda mtu akijua, anaharakisha. Bado nafikiria hivyo siku nyingine, na ndiyo maana siwezi kuwafundisha la kufanya mkono wenu ukisoma kitu ambacho hamkutumwa kukisoma. Ninaweza kuwafundisha kusoma tu.

Mama Akinyi alitoka ndani, akapita katikati ya watu waliotaka kumshika, akaja mpaka pale uani. Akanitazama usoni. Nilingoja maneno. Akanishika bega, akanigeuza, akavua leso yake kiunoni, akaanza kunipangusa mgongo. Alipangusa kwa nguvu, kutoka mabegani mpaka kiunoni, tena na tena, kwa nguvu nyingi mno kuliko tope lililokuwepo, mpaka nikayumba na kushika ua. Sikujua kama ananisafisha au ananipiga.

"Simama vizuri," akasema.

Nikasimama vizuri.